Habari za Bibi Clara Schumann na Mwenziwe wa Fidla

Mwezi huu twataka kuwaletea habari za mama mmoja ambaye hakuwa mhubiri wala mmisioni, wala hakuandika kitabu cha dini. Kazi yake ilikuwa kupiga piano mbele za watu. Alilipwa kwa kazi hiyo, na kwa malipo hayo aliwalea watoto saba, baba yao akiwa hayupo. Tumeona vema kuyaandika maisha yake, kwa maana wako Wakristo wanaodhani ya kuwa wito wa Mungu ni wa wachungaji na waalimu tu. Luther hakufundisha hivyo. Yeye alifundisha ya kuwa fundi katika karakana yake, na mama katika nyumba yake, waweza kumtumikia Mungu na jirani kwa kazi ile ile waliyopewa.

Clara Wieck alizaliwa tarehe 13 Septemba 1819 katika mji wa Leipzig, nchi ya Ujerumani. Mji huo Walutheri wengi wa kwetu wanaujua kwa jina, maana ndiko walikotumwa wamisioni wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893. Tena ndiko Johann Sebastian Bach alikosimamia muziki wa kanisa la Mtakatifu Thomas, tangu mwaka 1723 hata alipokufa mwaka 1750. Baba yake Clara, Friedrich Wieck, alikuwa mwalimu wa piano, tena aliuza vinanda. Mama yake, Marianne, alikuwa mwimbaji na mpiga piano. Lakini nyumba ile haikuwa na amani. Mama aliondoka, na ndoa ikavunjwa. Naye Clara alipofikia umri wa miaka mitano akachukuliwa akae kwa baba yake.

Mtoto huyo alichelewa mno kusema. Alipokuwa na miaka minne watu walimdhania kuwa kiziwi. Hata alipoketishwa mbele ya piano, ikaonekana wazi ya kuwa masikio yake yasikia vema kuliko ya wengi. Baba akamfundisha kila siku saa moja, akamwagiza ajizoeze peke yake saa mbili, kisha akamtoa nje kutembea ili mwili wake upate nguvu. Alikuwa baba mkali, mwenye kutaka sifa na faida. Lakini mafundisho yake yalikuwa mema. Tarehe 20 Oktoba 1828, Clara akiwa mwenye miaka tisa, alipiga mara ya kwanza katika jumba la muziki la Leipzig liitwalo Gewandhaus. Kabla hajawa mtu mzima sifa zake zilikuwa zimefika Paris na Vienna.

Mwaka 1830 alikuja nyumbani kwao kijana mmoja, jina lake Robert Schumann, aliyeacha masomo ya sheria apate kujifunza piano kwa Wieck. Kidole chake kikaharibika, asiweze kuwa mpigaji mkubwa; ndipo akashika kazi ya kutunga muziki. Clara alipokuwa msichana mkubwa wakapendana, wakataka kuoana. Baba akakataa kabisa. Alimkataza binti yake asimwone Robert, akamsema vibaya kijana huyo mbele ya watu, hata wale wawili wakalazimika kupeleka shauri barazani kwa hakimu. Baraza likawapa haki. Wakafunga ndoa tarehe 12 Septemba 1840 katika kanisa la Schönefeld, karibu na Leipzig, siku moja kabla Clara hajatimiza miaka ishirini na mmoja.

Mungu akawapa watoto wanane, na mmoja wao, Emil, akafa angali mchanga. Clara alijua kazi ya nyumba kama mama ye yote, hata mara nyingi aliacha kujizoeza piano, kwa kuwa kuta zilikuwa nyembamba na mumewe alihitaji kimya apate kutunga. Lakini moyo wake haukuwa mwoga. Mwezi wa Mei 1849 kulitokea maasi katika mji wa Dresden, walikokuwa wakikaa. Watu walikuja kumtafuta Robert ashike silaha. Clara akatoka naye kwa mlango wa nyuma pamoja na binti yao mkubwa, wakakimbilia shamba. Watoto wengine walibaki mjini na mtumishi. Basi, siku mbili baadaye, usiku, akiwa na mimba ya miezi saba, Clara alirudi kwa miguu kupita mashambani, akaingia katika mji wa vita, akawatwaa watoto wake kutoka vitandani, akawatoa salama.

Mwaka 1850 walihamia Düsseldorf, kando ya mto Rhine. Hapo ndipo twafika kwenye habari za yule mwenziwe.

Joseph Joachim alizaliwa tarehe 28 Juni 1831 katika kijiji cha Kittsee, nchi ya Hungaria ya wakati ule, katika nyumba ya Kiyahudi. Tangu utoto alipiga fidla kwa namna ya ajabu. Alipelekwa Leipzig, akalelewa katika muziki na mtunzi Felix Mendelssohn. Na alipokuwa na miaka kumi na miwili tu alipiga London, mwaka 1844, kazi kubwa ya Beethoven ya fidla, ambayo watu wazima wengi waliiogopa. Mwezi wa Mei 1853 aliipiga kazi ile ile katika sikukuu ya muziki huko Düsseldorf. Robert na Clara wakasikia, wakashangaa. Tangu siku zile Joachim akawa rafiki wa nyumba yao. Clara alikuwa mwenye miaka thelathini na mitatu, Joachim alikuwa hajatimiza ishirini na miwili.

Kabla ya kuendelea imetupasa kueleza vyombo hivi viwili. Piano ni kinanda chenye nyuzi nyingi za chuma ndani yake. Mtu abonyezapo kibao, nyundo ndogo iliyovikwa sufu huupiga uzi, nao hulia. Lakini sauti ikiisha kutoka, papo hapo huanza kufifia, wala mpigaji hawezi kuiongeza tena. Fidla ni kama ndugu wa zeze. Ina nyuzi nne, hushikwa chini ya kidevu, na hupigwa kwa upinde wenye nywele za mkia wa farasi. Mwenye fidla aweza kuivuta sauti moja, akaikuza na kuipunguza kama mwimbaji afanyavyo kwa pumzi yake; ila hawezi kutoa sauti nyingi kwa pamoja kama kumi za mwenye piano. Basi kila chombo kina upungufu wake, na kile ambacho kimoja hukikosa, chombo cha pili kinacho.

Wawili wakipiga pamoja hakuna mtu wa tatu asimamaye mbele na fimbo kuwaonyesha mwendo. Husikilizana tu. Tena liko jambo moja ambalo waimbishaji wetu watalipenda. Karatasi ya mwenye fidla huandikwa sehemu yake peke yake. Lakini katika kitabu cha mwenye piano huandikwa sehemu zote mbili, ya fidla juu na yake mwenyewe chini. Kwa hiyo mwenye piano huona mzigo wa mwenziwe pamoja na wake. Akijitutumua kwa nguvu, fidla humezwa, wala hakuna asikiaye. Akijificha mno, fidla hubaki kama mtu asimamaye juu ya mchanga. Clara aliijua kazi hiyo vizuri mno, na Joachim alikuwa mtu asiyetafuta kushangiliwa kwa hila za vidole. Wote wawili walitaka muziki wenyewe usikike, si wao.

Wakati wa joto wa mwaka 1853 Clara alitunga vipande vitatu vya fidla na piano, akampa Joachim viwe heshima kwake. Wakavipiga pamoja, hata mbele ya mfalme wa Hannover, aliyekuwa kipofu na mwenye kupenda sana muziki. Mwezi wa Oktoba wa mwaka ule Robert na vijana wawili, Albert Dietrich na Johannes Brahms, walitunga kwa siri sonata moja ya fidla na piano, kila mmoja sehemu yake, wamfurahishe Joachim. Tarehe 28 Joachim na Clara wakaipiga nyumbani. Joachim aliambiwa abashiri nani ametunga sehemu gani, naye hakukosa hata moja. Kesho yake wawili hao wakapiga mbele ya watu wa mji sonata nyingine, kubwa, ambayo Robert alikuwa ameitunga mwaka 1851. Hizo zilikuwa siku za mwisho za furaha katika nyumba ile.

Kwa maana akili ya Robert ilikuwa imeanza kuugua. Alisikia sauti zisizokuwako, usiku na mchana. Tarehe 27 Februari 1854 alitoka nyumbani akajitupa katika mto Rhine. Watu wakamwokoa. Siku chache baadaye alipelekwa, kwa kutaka mwenyewe, kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili huko Endenich karibu na Bonn. Waganga wakamkataza Clara asimwone. Alikuwa na watoto sita nyumbani na wa saba tumboni. Huyo wa saba, Felix, alizaliwa mwezi wa Juni, wala hakumjua baba yake.

Marafiki walitaka kumchangia mama huyu fedha. Yeye alikataa kuishi kwa sadaka hali mikono yake ingali mizima. Vuli ya mwaka ule aliondoka kwenda kupiga piano mji kwa mji. Brahms, kijana wa miaka ishirini na mmoja, alisaidia kuangalia watoto, hata akaandika daftari la matumizi ya nyumba. Na mwezi wa Desemba Joachim alisimama kando yake huko Berlin, wakapiga pamoja jioni baada ya jioni.

Tunaomba msomaji apafikirie hapo. Mama huyu alikuwa katika huzuni ijapokuwa mumewe yu hai. Alitoka katika chumba cha kulia machozi, akaketi mbele ya mamia ya watu, akaanza kupiga muziki ule ule mumewe aliokuwa ameutunga. Angalipiga peke yake angaliweza. Lakini palipokuwa na fidla kando yake, alikuwako mtu mwingine aliyeujua huzuni ule, aliyempenda Robert, aliyekwenda Endenich kumtazama wakati mke alipokatazwa. Na mtu huyo alivuta pumzi pamoja naye kabla ya sauti ya kwanza. Yako maneno ya faraja yasiyoweza kusemwa kwa kinywa. Twadhani ya kuwa jioni zile yalisemwa.

Robert alikaa Endenich zaidi ya miaka miwili. Clara aliruhusiwa kumwona siku mbili tu kabla hajafa. Alikufa tarehe 29 Julai 1856, akazikwa Bonn. Clara alikuwa mjane wa miaka thelathini na sita, mwenye watoto saba.

Tangu hapo akafanya kazi kwa muda wa miaka mingi. Alisafiri katika Ujerumani, Austria, Urusi na Uholanzi. Uingereza alifika mara ya kwanza mwaka 1856, akarudi mara nyingi mpaka mwaka 1888. Mara kwa mara Joachim alikuwa pamoja naye, hata wawili hao walipiga pamoja katika maonyesho ya muziki zaidi ya mia mbili, huko Ujerumani na Uingereza. Walipiga sonata za Beethoven na za Robert Schumann. Zamani watu wengi walipenda kusikia michezo ya vidole na nyimbo nyepesi. Hawa wawili waliwazoeza kuketi kimya na kusikia kazi nzima, tangu mwanzo hata mwisho.

Juu ya Joachim twapenda kuandika jambo moja ambalo lawahusu hasa waalimu wa wakatekumeni. Mwaka 1855, alipokuwa katika kazi ya mfalme huko Hannover, alibatizwa katika Kanisa la Kilutheri, na mfalme mwenyewe akawa mdhamini wake. Baada ya miaka kama tisa, mpiga fidla mmoja Myahudi aliyeletwa na Joachim alinyimwa cheo alichostahili, kwa sababu ya dini yake. Joachim akaomba kuachiliwa kazi. Aliona ya kuwa akinyamaza, watu watasema yeye alibatizwa apate cheo, na mwenziwe amenyimwa kwa sababu alibaki katika dini ya baba zake. Hakutaka ubatizo wake uwe ngazi ya kupandia katika mambo ya dunia. Je, sisi tunaowatayarisha watu kwa ubatizo, hatujaona ngazi hiyo ikisimamishwa hata kwetu? Mtu aliyezoea kusikiliza sauti ya mwenziwe katika muziki aliisikia pia alipodhulumiwa.

Hatumwandiki Bibi Clara kama mtakatifu asiye na shaka. Kazi yake ilikuwa na gharama, na walioilipa zaidi ni watoto. Wavulana waliwekwa katika shule za bweni. Wasichana wengine walilelewa mbali. Tangu mwaka 1863 walikuwa na nyumba ndogo Lichtental karibu na Baden-Baden, na huko walikusanyika miezi ya joto. Wakati wa baridi mama alikuwa safarini tena. Wako waliomlaumu. Lakini bila safari zile kusingalikuwa na chakula wala ada za shule, na binti yake mkubwa, Marie, aliyajua hayo, akawa msaidizi wa mama yake maisha yote.

Tena misiba ilifuatana. Mwaka 1870 Ludwig, mwanawe, aliugua akili, akawekwa katika nyumba ya wagonjwa asitoke tena. Mwaka 1872 Julie, aliyekuwa ameolewa, alifariki; habari zilimfika mama siku aliyoahidi kupiga huko Heidelberg, naye akaenda akapiga kama alivyoahidi. Ferdinand alirudi kutoka vita vya mwaka 1870 mwenye maumivu, akapewa dawa ya mofini, akawa mtumwa wa dawa hiyo hata kufa kwake mwaka 1891. Bibi akawasaidia wajukuu. Na Clara mwenyewe alipatwa na maumivu ya mikono, hata ikambidi kuacha kupiga kwa muda mrefu.

Felix, yule mdogo aliyezaliwa baba akiwa Endenich, alipenda fidla na mashairi. Brahms alikuwa mdhamini wake wa ubatizo. Kijana akashikwa na ugonjwa wa kifua. Mwezi wa Februari 1879, alipokuwa karibu kufa, Brahms alimpelekea Clara mwanzo wa kipande cha polepole cha sonata mpya ya fidla na piano, kuwa salamu kwa mama na kwa mgonjwa. Felix alikufa tarehe 16 ya mwezi ule, mwenye miaka ishirini na minne. Sonata ilipokwisha, Clara aliipenda kuliko nyingi, akatamani sehemu yake ya mwisho imsindikize atakapotoka katika dunia hii. Brahms hakuwa na maneno ya kumpa mama aliyefiwa. Alimpa sauti mbili zinazotembea pamoja.

Tangu mwaka 1878 mpaka 1892 Clara alifundisha katika chuo cha muziki cha Frankfurt, na wanafunzi walimjia kutoka nchi nyingi. Kwa miaka ile ile alisimamia uchapaji wa kazi zote za mumewe, zisipotee wala zisichapwe na makosa. Mara ya mwisho kupiga mbele ya watu ilikuwa mwezi wa Machi 1891, naye alikuwa na miaka sabini na mmoja. Alikufa Frankfurt tarehe 20 Mei 1896, akapelekwa Bonn, akazikwa kando ya Robert. Joachim, aliyekuwa mkuu wa chuo cha muziki cha Berlin tangu mwaka 1869, aliendelea kupiga na kufundisha hata alipokufa tarehe 15 Agosti 1907.

Basi, ndugu wasomaji, tumepata nini katika habari hizi? Kwanza, tusimdharau mtu kwa sababu kazi yake si ya madhabahuni. Mjane auzaye ndizi sokoni apate ada ya shule ya mwanawe, na fundi atengenezaye mlango usiopinda, wamepewa talanta, nao wataulizwa habari zake kama sisi tutakavyoulizwa. Pili, anayepewa talanta hapewi aitumie peke yake. Katika kwaya zetu mara nyingi wenye sauti kubwa huwafunika wengine. Katika mabaraza ya wazee vivyo hivyo. Hata katika ndoa. Bibi Clara alikuwa na chombo chenye nguvu kuliko fidla, na kitabu chake kilimwonyesha sehemu ya mwenziwe kila mara. Aliitazama, akampa nafasi. Nasi, kila tukutanapo kwa kazi ya Bwana, na tuisome sehemu ya mwenzetu kabla ya kuanza yetu.